Kompyuta Nzito ya Mama Oyet

Skrubu ya nne ilitoka.

Mliokaa wiki nzima mkibashiri ni nini kilichokuwa kinabingirika ndani ya kompyuta ya Filda, vuteni viti. Msomaji wa Bwaise aliyeapa kwamba ni chura aliyeingia na mafuriko, pole, umekosa. Na wewe wa Kamwokya uliyesema ni dhahabu ya Kongo, acha kuota mchana, watu wanakucheka.

Kasim aliweka bisibisi yake ya mpini wa njano juu ya meza, akaushika ubavu wa lile kasha, akauvuta.

Tofali.

Hata tofali zima halikuwa. Nusu tofali, jekundu, la kuchoma, limeviringishwa kwenye kipande cha blanketi la kijivu, limelala mle ndani kama mgonjwa aliyesahauliwa na ndugu zake.

Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni ya kuchapiwa kazi zao walinyamaza kwanza. Halafu mmoja akacheka. Kicheko cha wanafunzi wa Wandegeya mnakijua, kikishaanza hakuna wa kukizima.

"Mama," Kasim akasema, "hii si kompyuta. Hii ni msingi ya nyumba. Bado mabati tu."

Filda hakucheka, na wewe ungekuwa yeye usingecheka.

Kwa msomaji uliyekutana na gazeti hili likiwa limefungia rolex, ile chapati ya mayai, ikaisha ukaanza kusoma, nakupa yaliyopita kwa pumzi moja. Filda ni mjane wa Sajini Olanya wa polisi. Sajini alikufa mwaka jana, na kambi haifugi wajane. Barua imebandikwa mlangoni: chumba kinatakiwa Jumatatu. Kazi anayoijua ni moja, kuchapa. Miaka kumi na tatu alichapa kwa taipureta maelezo ya wezi na ya walioibiwa, mpaka vidole vyake vikajua kwenda bila macho. Sasa Kasim ana duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Wandegeya, na dukani mna meza moja tupu, dirishani, na nyuma yake chumba kidogo cha kulala. Kasim alitangaza mbele ya watu: atakayeleta kompyuta yake mwenyewe, ikawaka juu ya meza hiyo kabla ya saa saba mchana siku ya Jumamosi, meza ni yake na chumba ni chake.

Jumamosi yenyewe ndiyo hii. Saa ya ukutani ilisema saa tano kamili.

Jana yake Filda alikwenda Kamwokya kununua kompyuta, mtu ambaye hajawahi kununua hata kikokotoo. Alichagua jinsi alivyofundishwa na baba yake, mtunza stoo wa jeshi: kwa mkono. Buti unalinyanyua. Sufuria unainyanyua. Redio ikiwa nyepesi, ujue imetolewa vitu ndani. Kambini wote wananunua hivyo na hawaoni aibu. Filda alinyanyua kompyuta tatu, moja baada ya nyingine, kama anayechagua kuku wa Krismasi, akachukua ile iliyomvuta bega.

Muuzaji alikuwa Lawrence, kijana wa kambi hiyohiyo. Aliiwasha mbele yake, skrini ikatoa picha ya mlima na ziwa, na Filda akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Jioni alipofika nayo Wandegeya umeme ulikuwa umekatika. Kasim akamwambia, iache hapa Mama, kesho tutaiwasha. Akaiacha. Kesho ikafika na umeme wake, kompyuta ikakataa, wakaitikisa, kitu kikabingirika.

Basi. Tumefikia tofali.

Kasim aliingiza kichwa ndani ya kasha kama fundi wa gari. "Diski hakuna," akasema. "Memori hakuna."

"Hivyo ni vitu gani?" Filda akauliza.

"Diski ndiyo inaweka kila kitu. Memori ndiyo inafikiri. Aliyekuuzia amekula ubongo, amekula moyo, amekuachia mifupa na hii mawe."

Foleni ikacheka tena.

Filda alikuwa haisikii foleni. Alikuwa amelishika lile blanketi. Kwenye pembe yake kulikuwa na uzi mwekundu, tarakimu tano zimeshonwa kwa mkono. Namba ya kazi ya Olanya. Aliishona yeye mwenyewe, taa ikiwa mbovu, sindano ikimchoma. Kambini usiposhona namba kwenye nguo zako, kamba ya kuanikia inazigawa kwa majirani.

Na blanketi hilo alikuwa anajua alimpa nani. Miaka kumi na minne iliyopita mtoto wa Konstebo mmoja aliyekufa alisimama mlangoni kwake bila shuka wala godoro. Filda alimlaza pamoja na mwanawe Oyet, akamfunika.

Mtoto huyo aliitwa Lawrence.

"Kasim, nipe muda," akasema.

"Muda uko ukutani, Mama. Nilisema saa saba mbele ya hawa wote. Saa saba haijui mjane."

Filda aliliviringisha tofali kwenye blanketi lake, akaliweka kwapani, akatoka. Kompyuta iliyofunguliwa tumbo aliiacha palepale mezani.

Juu ya boda, akiwa bado hajavuka Mulago, alipiga simu. Okwir ni Koplo sasa, lakini alianza kazi chini ya Sajini Olanya, na posho la nyumba hiyo, ugali wa mahindi, amelila sana.

"Okwir, kuja Kamwokya. Kuna mwizi."

"Mwizi gani, Mama?"

"Wa nyumbani."

Lawrence alikuwa amekaa dukani kwake anakula muhogo. Alipomwona alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. Hata zamani, Filda alipokuwa anarudi kazini, alikuwa anasimama hivyohivyo.

"Mama Oyet. Imewaka?"

Filda akaweka tofali juu ya kaunta.

Lawrence alilitazama. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomchoma Filda kuliko tofali lenyewe.

"Kumbe wameifungua," akasema.

"Unalijua hili."

"Ni langu."

Mlitarajia akane. Na mimi nilitarajia.

"Lawrence, ulikunywa chai kwangu miaka sita."

"Saba, Mama."

"Saba. Halafu unaniuzia tofali."

"Sikukuuzia tofali. Nilikuuzia kompyuta. Tofali niliongeza tu."

Jirani mmoja mwenye duka la simu alikohoa ili asicheke.

"Unanifanya mjinga mbele ya watu," Filda akasema.

"Kaa chini nikuambie."

"Nitasimama."

"Simama basi, lakini sikiliza. Mwaka juzi nilimuuzia Afande mmoja wa kwetu kompyuta nzuri, nyepesi. Kesho yake akairudisha. Akasema nimetoa vitu ndani, haina uzito. Nikaifungua mbele yake nikamwonyesha kila kitu. Unajua alisema nini? Hata hivyo vilivyobaki ni vyepesi. Akaniweka ndani siku mbili. Akaja wa pili, hivyohivyo. Watu wetu wananyanyua, Mama. Hawaulizi kompyuta ina nguvu gani, imetumika miaka mingapi. Wananyanyua. Sasa mtu wa kambi akija namwekea tofali. Ananyanyua, anafurahi, anakwenda. Hakuna hata mmoja amerudi."

"Mimi nimerudi."

"Wewe jana nilikuwekea ile nyepesi mbele, ya kwanza kabisa. Nzuri kuliko zote hapa. Ulisema nini?"

Filda akageuka kulitazama tofali.

"Ulisema, wewe mtoto, usinichezee, hili ni debe."

Ni kweli. Alisema hivyo, na alisema kwa sauti.

"Na blanketi langu?" akauliza. "Nilikupa ulale. Sikukupa ufungie mawe."

Hapo ndipo uso wa Lawrence ulipobadilika. Alilivuta lile blanketi taratibu kutoka chini ya tofali, akalikunja mara mbili.

"Za wengine nafungia magazeti," akasema. "Kwako nilisema tofali likifungwa kwa gazeti litagonga vitu ndani, mashine itaharibika haraka. Nilikuwa na hili tu la kufaa. Nilikata pembe moja. Lililobaki bado nalilalia."

Wasomaji, mimi si mtu wa machozi, mnanijua. Lakini angalia ulimwengu ulivyo: kumbe hapa mjini mtu anaweza kukudanganya na kukupenda kwa kitambaa kimoja.

Filda alikaribia kukaa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kiti. Halafu akakumbuka saa ya ukutani.

"Na diski?" akasema. "Na ile kitu ya kufikiri? Hizo nazo ulitoa kwa sababu unanipenda?"

"Diski gani?"

"Haimo. Kasim ameangalia, wanafunzi wameona. Diski hakuna, memori hakuna."

Sasa ndiyo Lawrence akashtuka. Muhogo ulianguka.

"Mama, vilikuwemo. Diski niliandika jina lako juu yake kwa kalamu nyeupe, Mama Oyet, kama ninavyoandika za wateja wote. Na uliiona inawaka. Ule mlima, lile ziwa, ilitoka wapi picha kama diski hakuna?"

Swali zuri. Mwenye kujua kompyuta hata kidogo angelisimamia hapohapo, na hadithi yetu ingeishia kwenye mstari huu. Lakini Filda ameishi na televisheni. Anajua picha inakaa wapi.

"Picha ilitoka kwenye skrini," akasema. "Mimi si mtoto."

"Mama, skrini ni dirisha tu..."

"Usinifundishe. Jana ulinifundisha, ona nilipofika."

"Haya, niambie kitu kimoja. Jana usiku mashine ililala kwa nani?"

Filda alifungua mdomo. Jina lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini pikapu ya polisi ilisimama mbele ya duka, Okwir akaruka chini na wenzake wawili, na watu wa Kamwokya, ambao hata mbwa wawili wakipigana wanaita jirani, walikuwa wamejaa hadi barabarani.

"Mama Oyet," Okwir akasema. "Ndiye huyu?"

Lawrence hakumtazama Okwir. Alikuwa anamtazama Filda.

Umati ulikuwa unamtazama Filda. Jirani wa duka la simu alikuwa ameinua simu yake, anarekodi. Mwanamke aliyechekwa asubuhi Wandegeya hakutaka kuchekwa mchana Kamwokya. Mimi sijui kama hiyo ni sababu. Najua tu kwamba watu wamefanya mabaya kwa sababu ndogo zaidi.

"Ndiye," akasema.

Walimpandisha nyuma. Hakushindana. Alipokuwa juu aliingiza mkono mfukoni, mmoja wa askari akamshika kiwiko, akamwachia alipoona ni ufunguo tu. Lawrence aliurusha, ukaanguka mbele ya viatu vya Filda.

"Nifungie duka, Mama," akasema. "Hapa wanaiba."

Pikapu ikaondoka. Umati ukabaki dakika moja zaidi, kama kuna nyongeza, ilipoonekana hakuna ukatawanyika. Filda alifunga milango ya Lawrence, akaweka kufuli, akazungusha ufunguo mara mbili. Saa sita na dakika kumi. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na diski, hakuwa na mwizi wa kumdai, kwa sababu mwizi wake alikuwa ameshampeleka mwenyewe.

"Mama," mtu akaita. "Ingia huku."

Blandine.

Mnamkumbuka. Yule mama wa Kongo, wa Butembo, mwenye duka linalotazamana na la Lawrence. Jana Filda alianzia kwake. Blandine alimtolea kompyuta ndogo, mpya, bado na nailoni yake, kasha zima halizidi Biblia. Akamuuliza: Mama, utafanyia kazi gani? Filda akajibu kwamba haimhusu, na kwamba Wakongo wanauzia watu midoli, na neno jingine ambalo mhariri alilikata wiki iliyopita na wiki hii pia atalikata.

Leo Filda aliingia akiwa ameinamisha macho.

"Kama unaita unicheke, cheka haraka," akasema. "Nina haraka."

Blandine hakucheka. Alifunga mlango wake nusu, akavuta droo, akaweka vitu viwili juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa kama kijitabu cha chuma. Kingine kijiti cha kijani chenye meno ya dhahabu.

"Hii kitu ni ya nani?" akauliza.

Filda hakujua ni kitu gani. Lakini kusoma anajua. Juu ya kile cha chuma, kwa kalamu nyeupe, herufi kubwa, mwandiko wa kijana aliyejifunzia kuandika kwenye meza yake ya jikoni: MAMA OYET.

"Umeitoa wapi?"

"Leo saa mbili, nafungua tu, mwanaume moja alikuja. Alisema mashine yake imekufa, anauza vyenye vimebaki. Nikanunua. Mimi nanunua kila siku, sikusoma jina. Nimesoma sasa hivi, nimesikia ule kijana anapiga kelele ya kalamu nyeupe."

"Mwanaume wa namna gani?"

"Mrefu. Kofia ya kusali. Alikuwa na bisibisi kwa mfuko ya shati." Blandine akagusa kifua chake. "Mpini ya njano."

Msomaji makini, najua unajipiga kifua. Niliiweka mezani tangu mwanzo, bisibisi hiyo, na wewe ukaipita kama unavyopita ombaomba.

Filda alishika kaunta. Kasim. Kasim aliyemwambia iache hapa Mama. Kasim aliyeingiza kichwa ndani ya kasha na kutangaza diski hakuna, kwa sauti ya mtu anayesikitika. Alikuwa analijua tofali tangu usiku, akajua lawama zote zitamwangukia muuzaji. Alingojea tu foleni ijae.

"Kwa nini hukusema, Okwir akiwa hapa?" Filda akauliza. "Ungesema, kijana angeshuka kwenye gari."

"Mama." Blandine alisema taratibu, kama anayeongea na mtu mgeni wa mji. "Wewe ni mke ya polisi. Kitu ya wizi ikionekana kwa mkono yako, watakuuliza. Mimi ni mkimbizi. Kwangu hawaulizi, wanabeba."

Filda alikuwa mke wa polisi miaka ishirini na moja. Alijua ni kweli, na alikuwa amechapa maelezo mengi ya waliobebwa hivyo.

"Utaniuzia?"

"Chukua."

"Bure?"

"Usifikiri ni upendo. Jana uliniita jina mbaya. Chukua tu itoke kwa duka yangu."

Akamwonyesha kwa vidole. Hii unachomeka hivi, ina waya mbili, moja nyembamba moja pana, haziwezi kukosana. Hii ya kijani unaisukuma hadi ilie pande zote mbili. Dakika tano.

"Na itawaka?"

"Kwa nini isiwake? Mashine ya ule kijana ni nzuri. Anauza vizuri, yeye. Hata na matofali yake." Blandine alianza kupanga vitu kwenye kabati ambavyo vilikuwa vimekwisha pangwa. "Na kwa kuchapa barua tu, hata kale kadogo kangu kangekutosha. Jana nilikuuliza unataka kufanya nini nayo. Kuna mwingine alikuuliza?"

Hakuna. Hata yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza.

Simu ikalia. Filda alitazama jina. Kasim.

"Mama Oyet. Saa sita na nusu inakaribia. Kuna mtu hapa anaulizia meza. Na hili debe lako linanijazia nafasi."

"Nakuja."

"Unakuja na nini?"

Filda aliitazama diski mkononi.

"Nimepata diski," akasema. "Na memori yake."

Upande wa pili ulisikika tu mlio wa mashine ya kopi, inakwenda na kurudi.

"Umepata wapi?"

"Nimepata."

Mashine ya kopi ikaenda, ikarudi.

"Wewe uko na nani hapo?" Kasim akauliza.

"Niko peke yangu."

"Kuna mtu umemwambia?"

Blandine alikuwa ameacha kupanga. Alikuwa anamtazama.

"Bado," Filda akasema.

Na hapo sauti ya Kasim ikageuka, ikawa tamu kama maziwa ya kopo. "Basi njoo, Mama yangu. Meza ni yako. Nitakusaidia hata kufunga zile skrubu. Chumba cha nyuma nimeshafagia."

Akakata.

Fanyeni hesabu pamoja naye, maana aliifanya amesimama pale, kabla hajapumua mara mbili. Akimwambia Okwir ukweli, Lawrence anashuka na Kasim anapanda. Kasim akipanda, duka linafungwa, meza inafungwa, chumba cha nyuma kinafungwa, na Jumatatu sufuria za Filda ziko barabarani. Akinyamaza, kompyuta inawaka kabla ya saa saba. Kasim atanyamaza kwa sababu ya diski. Yeye atanyamaza kwa sababu ya meza. Watafanya kazi duka moja miaka mingi, wanasalimiana kila asubuhi, kila mmoja akiwa ameshikilia koo la mwenzake.

Na Lawrence? Lawrence ni kijana. Aliwahi kukaa ndani siku mbili, akatoka. Siku mbili, siku tatu. Ataelewa. Filda alijiambia maneno hayo kwa mpangilio, kama anayechapa.

"Unakwenda wapi, Mama?" Blandine akauliza.

Filda alikuwa ameshavuka mlango.

Nje, mwenye boda aliyemleta alikuwa bado anangoja. Alikuwa amesikia yote, kama wote wa kazi yake.

"Mama, polisi ama Wandegeya?"

Ufunguo wa duka la Lawrence ulikuwa bado umening'inia kidoleni. Diski ilikuwa kwenye mkono mwingine. Filda alipanda, akaiweka pajani, ile ya kijani akaitia kifuani.

"Wandegeya," akasema. "Haraka."

Boda ilikata katikati ya magari, ikapanda ukingo wa barabara, ikashuka. Karibu na mzunguko wa Mulago kila kitu kilisimama. Askari wa barabarani, nguo nyeupe, alikuwa ameinua mkono. Mwenye boda akapenya, akapenya tena, akafika mbele kabisa, akasimama sambamba na gari la bluu.

Pikapu ya Okwir, bado imekwama kwenye foleni.

Lawrence alikuwa nyuma, amekaa kwenye ubao kati ya askari wawili, jua linampiga utosini. Aliona kitenge kwanza. Halafu akamwona mwenye kitenge. Halafu macho yake yakashuka pajani mwa Filda, yakasoma herufi nyeupe alizoziandika kwa mkono wake.

Uso wote ukafunguka.

"Si nilikuambia?" akamwambia askari wa kulia. "Mama yangu huyo. Nilikuambia atakuja."

Okwir akashusha kioo. Kutoka alipokaa alikuwa anaona kichwa cha Filda na mabega yake, si zaidi ya hapo.

"Mama Oyet. Huyu kijana ananisumbua njia nzima. Anasema kuna diski ya jina lako, aliiweka kweli, kuna mtu ameiiba. Anasema ikionekana nimwachie." Okwir alitabasamu kidogo, kwa heshima ya posho lile. "Wewe unasemaje? Umeiona kitu kama hiyo?"

Askari wa barabarani alianza kushusha mkono wake. Nyuma honi zikaamka zote kwa pamoja. Mwenye boda akakanyaga gia.

Lawrence alikuwa bado anatabasamu.

Filda akavuta pembe ya kitenge chake, akaifunika diski.